UZI: Filamu ya njozi ya giza yenye vichekesho, mtu halisi na katuni ndani ya shoti moja. Nini kinaifanya katuni ionekane imebandikwa?

WinoMweusi

Wakuu salaam.

Uzi huu ni wa wanaotengeneza, au wanaotaka kutengeneza, filamu ambamo mtu wa nyama na damu anakaa chumba kimoja na kiumbe cha kuchorwa, na mtazamaji anatakiwa acheke na aogope kwa wakati mmoja. Kucheka na kuogopa vyote vinategemea kiumbe kiwe na uzito. Katuni isiyo na uzito haimtishi mtu, maana haiwezi kumdhuru. Ikianguka pia haichekeshi, maana haijaanguka popote. Na uzito huo haupatikani kwenye kompyuta mwishoni, unapatikana siku ya kurekodi.

Nianze na macho, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi zinaharibika. Macho ya binadamu hujipinda kidogo kuelekea puani akitazama kitu cha karibu, na hunyooka akitazama mbali. Ukimwambia mwigizaji "jini amekaa hapo mezani" na hapo mezani hakuna kitu, macho yake yatakimbilia ukuta ulio nyuma. Kwenye skrini ataonekana anamtazama jini kwa kumpitiliza, na hakuna programu itakayorekebisha hilo.

Kwa shoti fupi, mpira mdogo juu ya fimbo, uliowekwa pale yatakapokuwa macho ya kiumbe, unatosha. Kwa mazungumzo marefu tengenezeni mwanasesere wa kimo kilekile, mwigizaji afanye naye mazoezi mpaka shingo yake izoee, halafu ndipo aondolewe. Kwenye Who Framed Roger Rabbit ya 1988, mwigizaji Bob Hoskins alifanya mazoezi na mwanasesere wa mpira, na Charles Fleischer aliyetoa sauti ya Roger, yule sungura wa katuni, alikuwa akisimama nje ya fremu na kusema mistari yake palepale, tena akiwa amevaa mavazi ya sungura. Hoskins alikuwa anajibu mtu, na ndiyo maana pumzi zake zinakaa mahali pake.

Kimo cha macho kiandikwe kwa sentimita kwenye karatasi ya kila shoti: akisimama, akikaa, akipanda kabatini. Mwigizaji akitazama sm 95 na mchoraji akaweka macho sm 80, mtu wako anaongea na utosi.

La pili ni kugusa. Kila shoti waliyomo wote wawili, chagueni walau kitu kimoja kitakachosogea kweli. Mto wa kochi uvutwe kwa uzi kutoka chini ili ubonyee pale kiumbe anapokaa. Glasi inyanyuliwe kwa waya mwembamba au kwa fimbo inayopita kwenye tundu la meza. Hapa kosa huwa ni moja: glasi inapanda wima kwa mwendo sawasawa, na jicho linajua papo hapo kwamba ni waya. Mkono wa mtu haunyanyui glasi hivyo. Huanza polepole, hupinda kama upinde, hupunguza mwendo kabla ya mdomo. Rekodini kwanza mtu akinywa, anayeshika waya aitazame mara nyingi, ndipo aige.

La tatu ni mwanga. Kabla taa hazijasogezwa, kwa kila shoti chukueni haya:

- Picha tupu ya eneo, bila mwigizaji, lenzi na fokasi zilezile, sekunde 10.
- Mwanasesere akiwa mahali pake, sekunde 5.
- Mpira wa kijivu na mpira unaong'aa kama kioo, mahali hapohapo.
- Kadi ya rangi.
- Kimo cha kamera, umbali hadi kwa kiumbe, pembe ya kuinama, milimita za lenzi na tundu lake.

Zoezi zima ni dakika chache. Kulikosa kunagharimu wiki za kukisia.

Msomi_Fremu

Mkuu, hiyo mipira inamsaidia nini anayechora kwa mkono? Si ya watu wa 3D?

WinoMweusi

Inamsaidia sana mchoraji. Mpira unaong'aa unaonyesha taa ziko wapi na ngapi, hata zile za nyuma ya kamera. Wa kijivu unaonyesha mambo mawili: giza la upande wa kivuli, na mpaka kati ya mwanga na kivuli ni mkali au unayeyuka taratibu. Mpima mwanga akisoma f/8 upande wa taa na f/4 upande wa kivuli, tofauti ni stopu 2, yaani upande mmoja una mwanga mara 4 ya mwenzake. Ukiwa na namba hiyo huhitaji kubahatisha.

Kisha usichore kiumbe kama picha moja. Mgawe katika tabaka: mstari na rangi bapa, kivuli cha mwilini, mng'ao, kivuli anachotupa sakafuni, na kivuli kidogo cheusi pale mguu unapogusa sakafu. Hicho cha mwisho watu wengi hukisahau, nacho ndicho kinachomshusha kiumbe chini. Kiwe cheusi kabisa chini ya soli na kipotee ndani ya sm 2 au 3 hivi. Kivuli kirefu bila hicho kidogo, kiumbe anaelea.

Kwenye ile ya 1988, rangi zilikuwa bapa na vivuli na mng'ao viliongezwa kwa tabaka tofauti wakati wa kuunganisha picha, tena kwa mashine za filamu, si kompyuta. Kuna pale taa inayoning'inia inagongwa na kichwa, mwanga unayumba chumbani, na vivuli vya sungura vikalazimika kubadilika fremu kwa fremu. Hakuna aliyewalazimisha kuigonga ile taa. Waliigonga kwa sababu mtazamaji akiona mwanga unampiga sungura na mtu kwa pamoja, anaacha kujiuliza.

Kivuli_24

Naongezea kuhusu idadi ya michoro.

Filamu ni fremu 24 kwa sekunde. Katuni nyingi huchorwa kila mchoro ukikaa fremu 2, yaani michoro 12 kwa sekunde, na zinapendeza. Lakini ukiiweka juu ya picha halisi ambayo kamera inasogea, linatokea hivi: mandhari yanasogea mara 24, miguu ya kiumbe inasogea mara 12. Kila fremu ya pili sakafu inasonga na mguu umebaki, halafu mguu unaruka kuifuata. Kiumbe anatetemeka kana kwamba yuko juu ya kioo kilicho mbele ya sinema. Kwa hiyo kamera ikisogea, chora 24. Richard Williams aliyeongoza katuni za ile filamu alishikilia msimamo huo, na kamera zao zilitembea kwa uhuru kama vile hakuna katuni yoyote.

Kamera ikisimama, 12 zinakubalika kwa mazungumzo na kukaa kimya. Akianza kukimbia, rudi 24.

PazaJeusi

Hapo natofautiana kidogo nawe, Kivuli_24. Unaweza kuchora 12 hata kamera ikitembea, mradi mchoro wenyewe umefungwa kwenye sakafu kwa kufuatilia mwendo wa kamera. Mkao wa mwili unabadilika mara 12, lakini nafasi yake kwenye skrini inabadilika mara 24. Programu ya Blender inafuatilia kamera na inakuruhusu kuchora kwa mkono ndani ya nafasi hiyohiyo, tena ni ya bure.

Kivuli_24

Ni kweli kwa shoti ambayo kamera inasogea pembeni au inakaribia taratibu. Kamera ikimzunguka kiumbe, hapana, kwa sababu umbo lenyewe linatakiwa kugeuka kila fremu. Ukiufunga mchoro sakafuni, unaona bango la karatasi linazungushwa.

PazaJeusi

Nakubali, ya kuzunguka ni 24.

Sasa niseme upande wa kuunganisha picha, hasa kwa filamu ya giza, kwa sababu giza lina masharti yake.

Weusi. Mchoraji anatumia wino wenye thamani sifuri. Picha ya kamera karibu haina sifuri. Hata kona yenye giza ina mwanga kidogo wa chumba, vumbi na moshi. Mstari wa sifuri juu ya picha hiyo unaonekana kama tundu limetobolewa kwenye skrini. Tafuta kitu cheusi zaidi kilicho umbali uleule na kiumbe, pima thamani yake, na usiruhusu wino ushuke chini ya hapo. Kiumbe akienda nyuma ya chumba chenye moshi, weusi wake ufifie polepole kuelekea kijivu. Mtu halisi aliye hapo pia anafifia, linganisha naye.

Ukali wa mstari. Lenzi haitoi mstari mkali kama kalamu. Kwa picha ya 2K (upana wa pikseli kama 2000), lainisha ukingo kwa nusu pikseli hadi pikseli moja na nusu, ukilinganisha na nywele au ukosi wa mwigizaji aliye kwenye fokasi hiyohiyo. Ukizidisha, kiumbe anakuwa na ukungu.

Chengachenga. Kamera kwenye mwanga hafifu inatoa chenga nyingi, na kwa kawaida rangi ya bluu ndiyo yenye nyingi zaidi. Ziweke juu ya katuni kwa kila rangi peke yake. Na hata kama mchoro umekaa fremu 2, chenga zibadilike kila fremu. Zikiganda, jicho linaona kiraka hata kama mtu hawezi kueleza ameona nini.

Moto. Mshumaa au jiko likiwa kwenye shoti, mwanga unacheza. Usichore mchezo huo kwa kukisia. Chagua kipande cha ukuta kinachopigwa na moto huo, pima mwangaza wake fremu kwa fremu kutoka kwenye picha halisi, na namba hizo ziendeshe nguvu ya tabaka la mng'ao kwenye kiumbe. Ukuta na uso wa jini vikipepesa pamoja, umemaliza.

Moshi. Ukiwa wote umerekodiwa kwenye picha ya msingi, katuni itakaa mbele ya moshi wote na kuonekana iko dirishani. Weka moshi kidogo tu kwenye seti, kisha rekodi mwingine peke yake mbele ya kitambaa cheusi, ukipigwa taa kutoka upande uleule, na uuongeze juu ya katuni kwa njia inayojumlisha mwanga.

Kama ni mwigizaji anayeingia kwenye dunia ya kuchorwa, yaani skrini ya kijani: asimame mita 2 au 3 mbele yake, vinginevyo kijani kinarudi mabegani na kwenye nywele. Skrini iwe na taa zake peke yake, tofauti ya mwanga toka kona hadi kona isizidi nusu stopu. Rekodi biti 10 na rangi 4:2:2 au zaidi. Kwa 4:2:0 taarifa ya rangi ni robo tu ya taarifa ya mwangaza, kwa hiyo nywele zinakatika ngazi-ngazi. Na jambo kubwa kuliko yote hayo: chora kwanza dunia hiyo, angalau rangi zake na upande wa mwanga, ndipo umpige taa mwigizaji. Ukifanya kinyume, unapata mtu mwenye jua la upande wa kushoto katika kuzimu inayowaka kulia.

FundiWaya

Mmeongelea michoro. Kwa njozi ya giza mimi napendekeza vikaragosi vya kusogezwa fremu kwa fremu. Vina ngozi, vina mikwaruzo, na mwanga juu yake ni mwanga wa kweli. Inatisha zaidi, na kichekesho kinakuwa kikavu kwa namna ya kupendeza.

Mifupa: nyuzi mbili au tatu za waya wa alumini wa milimita 1.5 hadi 3 zilizosokotwa pamoja. Katikati ya viungo vika gundi ya udongo inayokauka ngumu, ili mkono upinde kwenye kiwiko na si popote. Waya huchoka na kukatika, mara nyingi palepale gundi ngumu inapoishia. Kwa hiyo usiufunge mkono moja kwa moja mwilini. Gundisha kifuani bomba dogo la shaba la pembe nne, mkono uishie na bomba dogo zaidi linaloingia humo kwa kubana. Umekatika katikati ya shoti? Unauchomoa, unachomeka mwingine, mkao unaufuata kwa kulinganisha na fremu iliyopita kwenye skrini. Tengeneza mikono 3 kwa kila upande.

Mguuni zamisha nati ya M3 (ya skrubu ya milimita 3), sakafu iwe na matundu, skrubu iingie kutoka chini. Kikaragosi kisichofungwa kitaanguka, na kikianguka umepoteza shoti.

Kulinganisha na picha halisi ni hesabu. Kama kikaragosi ni kipimo cha 1 kwa 6, kila umbali unagawanywa kwa 6. Kamera ya mwigizaji ilikuwa mita 3 mbali na mita 1.2 juu? Kamera ya kikaragosi iwe sm 50 mbali na sm 20 juu, pembe ileile, na upana wa mtazamo uleule. Taa nazo zisogee hivyohivyo, na ukubwa wa uso wa taa upungue, la sivyo vivuli vinakuwa laini kuliko vya mtu. Ukaribu huo unafanya fokasi iwe nyembamba sana, kwa hiyo funga tundu la lenzi hadi f/11 au f/16 na uongeze muda wa shata. Kikaragosi hakijongei, sekunde nzima si tatizo.

Mwanga kupepesa ndiyo balaa kuu. Lenzi za kisasa hufungua na kufunga tundu kwa umeme kila picha, na haliishii ukubwa uleule. Tumia lenzi ya kuzungusha kwa mkono, pamoja na pete ya kuunganishia. Kila kitu kiwe cha mkono: shata, fokasi, rangi ya mwanga, na kituliza mtikisiko kizimwe. Washa taa nusu saa kabla. Ziba madirisha kabisa. Vaa nguo nyeusi na usimame mahali palepale kila picha inapopigwa, kwa sababu shati jeupe ni taa.

Msomi_Fremu

Kikaragosi kikipigana na mtu inakuwaje? Nani anarekodiwa kwanza?

FundiWaya

Mtu kwanza, daima. Ray Harryhausen, bingwa wa vikaragosi vya fremu kwa fremu, kwenye Jason and the Argonauts ya 1963 alikuwa na viunzi 7 vya mifupa mitupu vinavyopigana na watu 3. Pambano lilipangwa kwa kuhesabu kama ngoma. Waigizaji walifanya mazoezi na watu halisi waliokaa nafasi za mifupa, kisha wakarudia hewani peke yao, na upanga ulitakiwa kusimama ghafla pale ambapo ungekutana na upanga wa adui asiyekuwepo. Mkono ukipitiliza hata kidogo, pigo limekufa. Upande wa vikaragosi ulichukua zaidi ya miezi minne kwa dakika chache za filamu.

Jambo jingine hapo ni ukungu wa mwendo. Kamera ya mtu, kwa fremu 24 na shata ya nyuzi 180 (iko wazi nusu ya muda wa fremu), inapiga kila fremu kwa 1/48 ya sekunde, hivyo mkono unaokwenda kasi unaacha ukungu. Kikaragosi kimetulia, kiko wazi kabisa, na mwendo wake unadundadunda. Kwenye Dragonslayer ya 1981, ILM, kampuni ya madoido ya filamu, walitumia mota zilizosogeza joka wakati shata iko wazi. Leo ongeza ukungu kwa programu, au kwa kiungo kimoja funga uzi mwembamba na ukivute polepole ndani ya ile sekunde ya shata. Uzi unafutika baadaye.

SautiChini

Wakuu, sauti msiiache. Sauti ya kiumbe hurekodiwa studio, karibu na maikrofoni, haina chumba. Mwigizaji yuko kwenye ghala lenye mwangwi. Picha inaweza kuwa safi kabisa na bado masikio yakasema huyu hayupo hapa.

Siku ya kurekodi, watu wote wakinyamaza, chukua sekunde 60 za ukimya wa eneo. Halafu piga kofi kali au pasua puto, kimo cha kiumbe, maikrofoni ikiwa karibu na kamera. Mlio huo unatumika kutengeneza mwangwi wa chumba hicho, na sauti ya studio inapitishwa humo. Kiumbe akigeuka mgongo, punguza sauti kali za juu kidogo. Nyayo zirekodiwe kwenye sakafu ileile kwa uzito uliokusudiwa. Kiumbe mdogo mwenye nyayo nzito anatisha na anachekesha kwa mara moja, na hilo limepatikana bila mchoro wa ziada.

Mpangilio wa kazi nao ni muhimu: sauti ya kiumbe irekodiwe kabla ya kuchora. Mchoraji anafuata pumzi.

Kivuli_24

Kuna jambo la uandishi linalohusu kazi hii moja kwa moja: sheria ya dunia yenu. Katuni ya kawaida hupondwa na kuinuka. Ikiwa kiumbe wenu hawezi kufa, giza halipo. Ile ya 1988 ililitatua kwa mchanganyiko wa tapentaini, asetoni na benzini, vitu vinavyoyeyusha rangi ya katuni za kuchorwa kwenye plastiki. Kifo cha katuni kilitoka kwenye kitu katuni ilichotengenezwa nacho. Kisha wakaonyesha mapema, kwa kiatu kidogo cha katuni kinachokuja kujisugua mguuni pa hakimu katili wa filamu hiyo, na kinashushwa taratibu kwenye pipa. Hakuna mzaha unaowekwa juu ya pale. Baada ya hapo kila kichekesho kina hatari nyuma yake.

Kwa hiyo kabla ya kuchora amueni: anaumizwa na nini, na mtazamaji analijua hilo dakika ya ngapi? Kama amechorwa kwa wino, maji. Kama ni wa udongo, joto. Kama ni kivuli, taa.

Na mchomo wa kichekesho mara nyingi uko kwa mtu, si kwa katuni. Katuni ifanye jambo, itulie kabisa fremu 8 hadi 12, ndipo uso wa mwigizaji ubadilike. Mkivisogeza vyote pamoja, jicho halijui liangalie wapi na mzaha unapita.

Msomi_Fremu

Nashukuru sana wakuu. Kwa filamu fupi ya dakika 3, mtu mmoja anayechora, inawezekana?

WinoMweusi

Inawezekana ukihesabu kabla ya kuandika.

Dakika 3 ni sekunde 180. Usiweke mtu na kiumbe pamoja kwa zaidi ya sekunde 60. Zilizobaki ni mtu peke yake, sauti ya kiumbe nje ya fremu, kivuli ukutani, mlango unaofunguka wenyewe. Hizo zinatisha vilevile na hazina mchoro, au zina mmoja. Katika zile 60, sekunde 40 kamera isimame na uchore 12, ni michoro 480. Sekunde 20 kamera itembee na uchore 24, ni 480 tena. Jumla 960. Ukimaliza michoro 20 kwa siku pamoja na vivuli vyake, ni siku 48 za kazi. Ukitaka kamera itembee sekunde zote 60, ni 1440, siku 72 kwa kasi hiyohiyo.

Kabla ya yote fanya jaribio la sekunde 5: mtu anakaa mezani, kiumbe anapanda, anasukuma kikombe, mtu anakirudisha. Humo mna macho, kugusa, kivuli cha soli, weusi na mwangwi. Litazame kwenye skrini kubwa bila sauti, kisha sauti bila picha. Kikombe kikionekana kinajiendesha chenyewe, rudia kurekodi hicho kikombe kabla hujachora hata mstari mmoja wa filamu yenyewe.